Mapacha 154A na 154B: shajara ya kuunda vichwa viwili vya garimoshi vinavyotembea pamoja

14 Januari 2024: Ninachounda, na kwa nini wawili

Shajara hii ni ya vichwa viwili vidogo vya garimoshi, vya kipimo cha 1 kwa 19 (yaani kila urefu umepunguzwa mara 19), na reli mpya ninayoitandika nyuma ya nyumba hapa Tanga. Ni nakala za mapacha waliofanya kazi kwenye reli ya Swakopmund hadi Windhoek, huko Namibia. Nitaandika kila hatua ikikamilika, pamoja na bei, ili mwenye kutaka kuiga apate pa kuanzia na asirudie hasara.

Namibia iko mbali, lakini chanzo cha reli ile kilipita kwetu kwanza. Sotoka iliyofyeka mifugo ya Wamaasai na wafugaji wengine wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliendelea kuteremka kusini, ikaingia Namibia mwaka 1897. Huko mizigo ya bara ilikuwa ikivuka jangwa la Namib kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ng'ombe walipokwisha, njia ya kutoka pwani ikafa. Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi wakaanza kutandika reli kwa haraka Septemba mwaka huohuo, reli nyembamba ya upana wa milimita 600, wakati hii yetu ya Tanga ina mita nzima. Treni za mwanzo zilivutwa na baghala. Kazi ilikamilika Juni 1902, kilomita 382 kutoka usawa wa bahari hadi Windhoek, mji ulio juu zaidi ya mita 1,600.

Reli nyepesi iliyolazwa mchangani haibebi kichwa kizito. Dawa yao ilikuwa mapacha: vichwa viwili vidogo vya magurudumu sita kila kimoja, vimepeana migongo, chumba cha dereva kikitazamana na chumba cha dereva, bomba la moshi huku na bomba la moshi kule. Uzito uligawanyika kwenye magurudumu kumi na mawili, watumishi wa kichwa kimoja wakahudumia viwili, na kwa kuwa kila upande ni mbele, haikuwapo haja ya kuvigeuza mwisho wa safari. Kila jozi ilikuwa na namba moja, ikitofautishwa kwa herufi A na B. Zaidi ya jozi 50 zilipelekwa huko kati ya 1898 na 1905.

Baadaye walitenganishwa. Afrika Kusini iliposhika reli zote za nchi ile mwaka 1922, ni vichwa viwili tu vya aina hiyo vilivyobaki vya kuandikishwa, navyo si kama jozi. Kimoja kimesimamishwa mpaka leo kwenye stesheni ya Windhoek. Ni 154A, bila B wake. Picha yake ndiyo iliyonianzisha kazi hii, kwa sababu nataka kumwona A akivuta na mwenzake.

Kwa kipimo cha 1 kwa 19, reli ya upana wa milimita 32 inakuwa sawa na milimita 608 za kweli, tofauti isiyoonekana kwa macho. Mota zitatumia betri zilizo ndani ya vichwa vyenyewe. Sitapitisha umeme kwenye reli, maana chumvi ya hewa ya bahari ingeniharibia kila kiungo.

25 Februari 2024: Fremu na magurudumu

Fremu nimezikata kwenye bati nene, nikazikunja na kuzilehemu. Mapipa ya kuchemshia maji, ambayo hapa ni ya kuigiza tu, ni bomba la plastiki la inchi moja na nusu, ambalo kwa bahati njema linameza betri tatu za duara zikiwa zimefungwa pembetatu. Matangi ya maji ya pembeni na vyumba vya madereva ni bati jembamba. Hapo hapana la kusimulia.

La kusimulia ni magurudumu. Nilimpa fundi wa mashine ya kukereza kazi ya magurudumu kumi na mawili ya kipenyo cha milimita 30, akakereza ya A kwanza, na ya B siku nyingine kutoka kwenye nondo nyingine. Kwa macho yalikuwa sawa. Kwa kipimo, ya A yalikuwa 30.0 na ya B yalikuwa 29.4. Tofauti hiyo ni asilimia mbili, na maana yake ni kwamba katika kila mita moja ya reli, A anataka kwenda sentimita mbili zaidi ya B. Vichwa vikishafungwa pamoja, hizo sentimita mbili lazima ziishie kwenye gurudumu linaloteleza.

Fundi alitaka kunikerezea seti mpya. "Mwalimu, acha nikufanyie yote upya, utanilipa nusu." Hatukufanya hivyo. Tulipunguza ya A yafikie 29.4, yote sita kwa kisu kilekile bila kugusa mpangilio wa mashine, kisha tukayapitisha ya B hapohapo kuhakikisha. Ukiiga mradi huu, agiza magurudumu yote ya pacha wote yakerezwe kwa mkupuo mmoja. Kipenyo chenyewe si muhimu sana, muhimu ni kifanane.

Jambo la pili: kila kichwa kina ekseli tatu zilizounganishwa kwa vyuma vya pembeni, na pini za upande wa kulia zinapaswa kuachana na za kushoto kwa robo ya mzunguko. Zikikosea kidogo tu, kichwa kinakwama kila mzunguko. Nilitengeneza kiunzi cha mbao chenye pembe mraba, nikaibana kila ekseli humo kabla ya kukaza gurudumu. Matundu ya chuma cha katikati nimeyapanua nusu milimita.

Gharama ya hatua hii: magurudumu 54,000, kupunguza 9,000, ekseli na bushi 15,000, bati 12,000, bomba 4,000. Jumla shilingi 94,000.

30 Machi 2024: Mota mbili zinazogombana

Hapa ndipo penye kiini cha mradi wote, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Kila pacha ana mota ya volti 6 yenye giaboksi ya chuma, ya mizunguko 100 kwa dakika. Kwa gurudumu langu hiyo ni mita 9 na kidogo kwa dakika, ambayo kwa kipimo cha kweli ni kama kilomita 10 na nusu kwa saa. Inafaa kabisa kwa reli ya jangwani. Betri tatu na kidhibiti volti viko ndani ya A, na waya mbili zinavuka kwenda kwa B.

Kwanza niliunganisha mota sambamba, kila moja ikipata volti 6 zake. Niliponyanyua vichwa hewani na kuhesabu, A alikuwa anazunguka mara 104 kwa dakika na B mara 93. Ni mota za duka moja, kasha moja, chapa moja. Chini kwenye reli, A alikuwa akivuta treni na kumkokota B juu yake. Ampea zilisema hivyohivyo: 0.62 kwa A, 0.08 kwa B. Pacha mmoja alikuwa mzigo wa mwenzake.

Nikaweka daiodi moja ya kawaida, kile kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye waya wa A. Daiodi inakula takriban volti 0.7, kwa hiyo A akapata 5.3 na kushuka hadi mizunguko 92. Wakatembea pamoja vizuri mno, na nikadhani suala limekwisha. Lakini ukishusha volti hadi 3 ili treni iondoke polepole stesheni, daiodi bado inakula 0.7 ileile. A anabaki na 2.3, B ana 3 kamili, na sasa ni B anayemsukuma A. Kuondoka ndiko kwenye mzigo mkubwa kuliko wote, na mzigo huo wote ukamwangukia mmoja. Baada ya majaribio ya kuondoka na mabehewa sita, mota ya B ikatoa moshi na kuungua.

Wakati nasubiri mota nyingine nilijiuliza kwa nini mapacha wa kweli hawakuwa na ugomvi huu, na jibu limo kwenye mvuke wenyewe. Mvuke unasukuma pistoni kwa nguvu inayotokana na shinikizo, na mwendo unakuwa ule ambao mzigo unaruhusu. Kichwa cha mvuke hakilazimishi kasi fulani. Vikifungwa viwili, kila kimoja kinaongeza nguvu yake kwenye kazi, hata kama magurudumu ya kimoja yamelika kuliko ya mwenzake. Mota iliyopewa volti zake inafanya kinyume: inadai kasi yake, na isipoipata inapigana.

Kwa hiyo nilichohitaji ni kugawa nguvu sawa, na kasi ijipange yenyewe. Njia ya kufanya hivyo inafundishwa kidato cha pili: sakiti ya mfululizo. Umeme unaopita kwenye mota ya A ndio huohuo unaokwenda kupita kwenye ya B, na katika mota za aina moja, ampea sawa ni nguvu sawa. Volti 11 za betri zinagawanyika zenyewe kati yao. Nimetoa daiodi, nimebadilisha waya mmoja tu, na ule ugomvi umekwisha kabisa. Mota mpya ya B inazunguka 98 hewani, tofauti na ile ya kwanza, na haijaleta shida yoyote.

Gharama: mota tatu 54,000, betri 21,000, chaja 12,000, kidhibiti 8,000, daiodi 1,000. Jumla 96,000.

21 Aprili 2024: B anazunguka bure

Mfululizo una tatizo lake, na limejitokeza siku ya kwanza reli ilipolowa. Mpwa wangu, anayenisaidia likizo, ndiye aliyeona. "Mjomba, B anazunguka bure na A amesimama!"

Ni kweli. Gurudumu la B likiteleza, mota yake inakwenda mbio, inajichukulia karibu volti zote, na A anaachwa bila kitu. Ampea zinashuka, treni inasimama, na B anaendelea kusaga reli mahali pamoja. Nilikuta alama inayong'aa juu ya chuma, nyembamba kama ukucha, pale alipokuwa.

Nikawapima kwa mizani ya dukani. A ana gramu 1,130 na B ana 980. Betri zote ziko kwa A. Hizo gramu 150 ndizo zilizokuwa zikiamua nani ateleze kwanza. Nimenunua vipande vya risasi vya kusawazishia matairi kwa shilingi 3,000 kutoka gereji, nikavipanga kwenye matangi ya pembeni ya B, sawa kulia na kushoto, hadi mizani ikasoma 1,130 kwa wote.

Ilisaidia sana lakini haikumaliza. Ekseli tatu kwenye fremu isiyojipinda hazikai zote chini kwa pamoja kwenye reli yenye mabonde. Ya katikati ikipanda juu ya kinundu, mbili za mwisho zinaning'inia. Nimechonga matundu ya ekseli ya katikati yawe marefu kwa milimita moja kwenda juu, na kuweka chemchemi nyembamba ya kuisukuma chini. Tangu hapo utelezi umebaki kwenye reli yenye mafuta au majani tu, na huo kitambaa kinautosha.

26 Mei 2024: Reli na masika

Reli nimeitengeneza kwa chuma bapa kilichosimamishwa kwenye mikato ya mataruma ya mninga, mabaki ya karakana ya samani. Ni njia ya bei nafuu na upana unajishika wenyewe kama msumeno umekata kwa usahihi. Nilitandika juu ya mchanga ulioshindiliwa, kwa kuwa nilitaka ifanane na Namib.

Mvua za Mei hazikuuacha. Maji yalichimba chini ya upande wa mashariki, na viungo viwili vikaachana kimo kwa zaidi ya milimita moja. Nimeng'oa upande huo, nikachimba mtaro wa kupitishia maji, nikaweka kokoto ndogo na juu yake saruji hafifu, kisha mchanga mwembamba wa kupendezesha tu. Chuma kinapata kutu, nakifuta kwa kitambaa chenye mafuta pembeni, kamwe si juu linapopita gurudumu. Swakopmund nako ukungu wa bahari unakula chuma namna hiyohiyo, kwa hiyo rangi ya kutu naiacha kwa moyo mweupe.

Chuma 45,000, mbao 10,000, kokoto na saruji 22,000. Jumla 77,000.

7 Julai 2024: Upau wa kuwaunganisha

Reli imetulia, mota zinashirikiana, na bado A alikuwa akiacha njia. Daima ni ekseli ya nyuma ya A, ile iliyo karibu na B, na daima ni mahali palepale: mwanzo wa kona au mwisho wake. Katikati ya kona hajawahi kuanguka hata mara moja.

Nililala chini na simu nikapiga video ya polepole. Inaonyesha waziwazi. Fremu ya kila kichwa inatokeza milimita 45 nyuma ya ekseli ya mwisho, na kwenye kona sehemu hiyo inayotokeza inasogea kwenda nje. Wote wawili wakiwa ndani ya kona, migongo yao inasogea nje kwa kiasi kilekile, kwa hiyo inabaki imetazamana. Lakini A akiwa ameingia na B bado yuko kwenye mstari ulionyooka, mgongo wa A umeenda nje na wa B haujasogea. Upau wangu ulikuwa mfupi, milimita 14, umepigwa pini mwishoni kabisa mwa fremu zote mbili. Mgongo mmoja ukisogea milimita 4, upau mfupi hivyo unakaa mshazari sana, na B akisukuma, sehemu kubwa ya msukumo inakwenda pembeni. Kwenye video unaona ukingo wa gurudumu la A ukiparamia reli taratibu, unasimama juu kidogo, kisha unashukia upande wa pili.

Nilijaribu kulegeza tundu la pini. Kuacha njia kukapungua, lakini kila treni ilipoondoka vichwa viligongana kwa kishindo, na baada ya wiki pini ilianza kupinda. Nimelitupa wazo hilo.

Kilichofaa ni kuhamisha pini. Zimetoka mwisho wa fremu na kwenda chini ya sakafu ya chumba cha dereva, nyuma tu ya ekseli ya mwisho. Pale fremu haisogei pembeni karibu hata kidogo. Upau sasa una urefu wa milimita 90 ingawa nafasi kati ya vyumba viwili ni ileile 14, na hata kwenye mwanzo wa kona hauinami kwa kiasi cha kutisha. Upau uwe chini, karibu na kimo cha ekseli, kwani ukiwa juu unamnyanyua wa mbele pale mzigo unapovutwa. Bamba la kukanyagia kati ya vyumba nimelifunga kwa A peke yake, upande wa B linateleza tu juu ya sakafu.

Pamoja na hilo nimepanua kona kutoka nusu kipenyo cha sentimita 75 hadi mita moja. Pini zilikwishatatua jambo kuu, ila kwenye kona ya zamani pembe za paa zilikuwa zikigusana na kukwangua rangi. Bolti na upau 2,000.

18 Agosti 2024: Treni ya kwanza yenye mzigo, rangi, na historia ya njia hii

Mapacha wamevuta mabehewa sita yaliyojaa kokoto, wakizunguka mchana kutwa kwa betri zilizojazwa mara moja asubuhi, A mbele kwa kipindi cha kwanza na B mbele kwa cha pili. Ampea hazina haja ya kulinganishwa tena kwa kuwa ni zilezile, lakini nimegusa mota zote mbili kila baada ya muda na joto lake ni moja. Treni inaondoka stesheni bila kishindo. Ukisimama karibu unasikia giya za vichwa vyote viwili kwa pamoja, zikipishana kidogo, kisha zikikutana, kisha zikipishana tena. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta tangu Januari.

Namba zimeandikwa kwa brashi ya nywele chache, 154A na 154B. Rangi imegharimu 14,000, na mradi mzima hadi leo umefika shilingi 286,000, reli ikiwamo.

Wanafunzi waliokuja kuangalia wameniuliza nitaweka sanamu gani kwenye stesheni. Nimeamua sitaweka askari. Waherero, wenyeji wa Namibia, waliposimama dhidi ya ukoloni Januari 1904, reli ya kweli ya Swakopmund ndiyo iliyobeba majeshi ya Wajerumani kwenda bara. Oktoba mwaka huo Jenerali von Trotha alitoa amri ya kuwaangamiza. Waliobaki, na baadaye Wanama, wenyeji wengine wa nchi ile, walifungwa kambini, moja ya kambi hizo ikiwa Swakopmund kwenyewe, na wafungwa Waherero walitumikishwa kujenga reli ya Otavi iliyoanzia mji huohuo. Ujerumani ilikiri mwaka 2021 kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari. Mwaka 1905, dola ileile ilikuwa inachoma mashamba na maghala ya vyakula kusini kwetu katika vita vya Maji Maji. Mtu akipenda garimoshi hizi kama mimi ninavyozipenda, ni haki aambiwe ziliendeshwa katika nchi ya namna gani. Kibao chenye maelezo hayo kitasimama kando ya reli, kimo cha macho ya mtoto, na nimekwisha kukata mbao yake.

Hatua inayofuata ni njia ya pembeni ya stesheni, yenye swichi, yaani mahali reli moja inapogawanyika kuwa mbili. Swichi ina kona mbili fupi zinazopingana, na kwenye kona za namna hiyo migongo ya A na B itasogea pande tofauti kwa wakati mmoja. Nitapima kwanza kwa kipande cha mbao kama upau wa milimita 90 unatosha, kabla ya kukata chuma.